Magunia Madirishani

Mtu ambaye hajawahi kucheza mpira wa vinyoya hudhani ni mchezo wa kupunga upepo. Anaona raketi nyepesi, anaona kinyoya ambacho hata yai la kanga linakizidi uzito, anacheka. Mwambie basi asimame upande mmoja wa wavu, na Yoeli Sumari asimame upande wa pili. Haitachukua muda atakuwa ameinama, mikono magotini, akitafuta hewa. Kinyoya huondoka kwenye raketi kwa kasi ya jiwe la kombeo, halafu katikati ya safari kinapoteza nguvu na kuanguka. Hakidundi, kwa hiyo huwezi kukisubiri. Lazima ukifuate mbele mpaka wavuni, goti likikaribia kugusa sakafu, kisha urudi nyuma mpaka kwenye mstari, mgongo umepinda na mkono uko juu, na kati ya safari hizo mbili hakuna mapumziko. Mapaja yanawaka, bega linawaka, lakini kazi kubwa zaidi ya zote inafanywa na kifua. Mchezaji mzuri huvuta hewa kama mvukuto wa mhunzi.

Na utamu wake? Utamu wake ni ule mlio mmoja, mkavu, pale kinyoya kinapokutana na nyuzi mahali panapotakiwa. Mkono wote unaujua kabla ya sikio. Nimewaona watu wazima wenye wajukuu wakicheka peke yao kwa ajili ya mlio huo.

Sisi tuliufahamu mchezo huu kwa mafundi wa kigeni waliokuja kufunga mitambo katika kiwanda kimoja pale Elerai, enzi viwanda vilipokuwa vya umma. Jioni walicheza kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Siku moja mmoja wao alikosa mwenzake, na Yoeli, aliyekuwa mtunza ghala, alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Akapewa raketi. Mafundi walipoondoka walituachia wavu, raketi na mistari myeupe sakafuni, na Yoeli alikuwa amekwisha kuwashinda wote. Mimi nilicheza kidogo, lakini magoti yangu yalikataa mapema, nikageukia sheria. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Nilizipitia moja baada ya nyingine wakati ule nikihudhuria masomo ya jioni, mpaka nikazijua bila kitabu, na tangu hapo mwamuzi nikawa mimi.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Kiwanda kilifungwa, tukaambiwa kitauzwa. Yoeli alipunguzwa kazini pamoja na wengi wetu, akarudi kwenye shamba lake la kahawa na migomba kule Nkoaranga, mlimani. Ukumbi ukabaki bila mwenyewe. Hatukupewa ruhusa ya kuutumia, wala hatukukatazwa, kwa hiyo tuliendelea. Baadaye zikaja habari kwamba mnunuzi amepatikana na kwamba ukumbi utakuwa stoo ya mitumba. Tulikuwa tumekwisha kuwaalika wachezaji wa Tanga waje mwishoni mwa Agosti. Tukajua kwamba mchezo huo ndio utakaokuwa wa mwisho.

Yoeli alilipokea jambo hilo kwa utulivu kuliko tulivyotegemea. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alisema maneno ambayo kila aliyekuwapo anayakumbuka.

"Kazini walinipunguza wao. Hapa nitajipunguza mwenyewe. Nitatoka nimeshinda, na nitatoka kwa miguu yangu."

Adui wa kinyoya ni upepo. Upepo ambao hauwezi kutikisa hata mshumaa unatosha kukihamisha kinyoya kutoka ndani ya mstari kukiweka nje. Na sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunajua jinsi upepo wa Agosti unavyoteremka kutoka mlimani wakati wa alasiri. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamevunjwa vioo, vingine kwa mawe ya watoto, vingine vimechukuliwa na watu wenye nyumba za kujenga. Yoeli aliyaziba yote kwa magunia. Wakati huo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kufungua vituo vyao barabarani, na kutoka kwa mmoja wao pale Kikatiti alipata magunia chakavu ya katani. Aliyakunja mara mbili, akayasukuma kwenye kila tundu kwa mpini wa jembe. Kisha alisimama katikati ya uwanja, akalowesha kidole, akakiinua. Kama aliusikia upepo popote, hakuanza kucheza mpaka ameupata mlango wake. Tulimtania kwamba hata paka akipumua nje, Yoeli anamfuata na gunia.

Ukumbi uliozibwa hivyo ulikuwa na giza mchana. Bila taa usingeweza kuona kinyoya. Na mwaka ule ndio ulikuwa wa mgao mkali wa umeme, mabwawa yamekauka, mji mzima unakaa gizani kwa zamu.

Hapo ndipo Abdulhalim alipotuokoa, au ndivyo tulivyosema. Alikuwa fundi cherehani aliyegeuka mfanyabiashara, mtu mnene, mcheshi, mpigaji mzuri wa karibu na wavu. Milango ya biashara ilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mtaani kwake kusafiri hadi Dubai, na katika safari moja alirudi na jenereta. Aliipenda mashine ile. Aliifuta kwa kitambaa safi kabla ya kuiwasha na baada ya kuizima. Mwanzoni tuliiweka nje, kwenye ngazi za nyuma, imefungwa mnyororo. Asubuhi moja tulikuta mnyororo umekatwa nusu. Wezi walikuwa wamekatizwa kazi na mbwa wa jirani. Siku hiyohiyo Abdulhalim aliihamishia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, chumba kidogo chenye dirisha moja na mlango unaotokea ukumbini. Hakuwa mzembe. Alifunga bomba la chuma kwenye tundu la kutolea moshi, akalipitisha dirishani mpaka nje, na kiungo akakizungushia utepe wa mpira wa tairi la baiskeli. Tulisimama nje tukautazama moshi ukitoka kwenye mdomo wa bomba. Tuliingia ndani tukanusa. Tulinusa kahawa ya magunia, jasho na vumbi. Tukaridhika.

Tangu siku ile mambo yalianza kubadilika, lakini taratibu, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kuyaeleza.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Abdulhalim mwenyewe, aliyekuwa na tabia ya kukaa kwenye kigoda kando ya mashine akiisikiliza. Alirudi nyumbani akatapika, akasema ni nyama ya mshikaki aliyokula stendi. Wengine walisema vichwa vinawagonga. Tukasema ni jua la mchana, ni kutokunywa maji ya kutosha. Aliyebadilika zaidi alikuwa Yoeli. Yeye ndiye aliyekimbia kuliko wote, na ndiye aliyekuwa akivuta hewa nyingi kuliko wote, lakini hilo hatukulifikiria wakati ule. Tuliona tu kwamba miguu yake imekuwa mizito. Kinyoya alichokuwa akikifikia kwa hatua moja ndefu sasa kilianguka mbele yake naye akikitazama. Watu aliozoea kuwashinda huku anapiga hadithi walianza kumshinda. Alipomaliza mchezo alishika nguzo ya wavu, akafumba macho, akasubiri ukumbi uache kuzunguka.

Hakusema ni ugonjwa. Alisema ni uzee, na kwamba uzee ni kitu cha kupigana nacho. Akaanza kuja mapema kuliko sisi sote. Alimwomba Abdulhalim awashe mashine, akaziba mlango kwa gunia kwa chini, akaruka kamba peke yake chini ya taa mpaka tulipofika. Kadiri alivyojizoeza ndivyo alivyozidi kudhoofika, na kadiri alivyodhoofika ndivyo alivyozidi kujizoeza.

Mkewe, Susana, alikuwa mwanamke wa maneno machache, mzaliwa wa kule Momela, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwao. Hakuwahi kufika ukumbini. Alichokijua ni mume aliyeondoka na mume aliyerudi. Baadaye alitusimulia kwamba jioni moja alimwekea Yoeli chakula, Yoeli akakisogeza pembeni, na yeye akashindwa kuvumilia.

"Baba Esther, huku unapanda mlima na mkungu wa ndizi begani wala huhemi. Kule unakimbiza unyoya, unarudi umekuwa wa kijivu. Huo ukumbi una nini?"

"Una upepo, Mama Esther," Yoeli alimjibu. "Lakini nimebakiza tundu moja tu."

Tundu hilo moja lilikuwa dirisha la chumba cha kubadilishia nguo. Pale ambapo bomba lilipita palikuwa na nafasi pande zote, na upepo uliingia humo, ukapita chini ya mlango, ukakutana na uwanja kwenye kona ya kushoto. Siku ya mchezo Yoeli alifika kabla ya adhuhuri akiwa na gunia jipya na mpini wa jembe. Mimi nilikuwa natundika wavu, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona na kusikia yote.

"Hapo pawache, bwana," Abdulhalim alisema. "Bomba linataka nafasi."

"La nini? Mdomo wake si uko nje?"

"Uko nje."

"Basi limeshapata nafasi yake. Huu upepo unaopita hapa unakuja kunivuta kifundo cha mguu kule kwenye mstari. Naujua kama ninavyomjua mkwe wangu."

Alilikunja gunia, akalisukuma kuzunguka bomba, akaliongezea jingine, akashindilia kwa mpini. Bomba lilicheza kidogo kwenye kiungo chake. Abdulhalim aliinua mkono kama anayetaka kusema kitu, akaugusa utepe wa mpira, akaupapasa, kisha akacheka.

"Wewe ungezaliwa Tanga ungeziba bahari. Haya. Leo ni siku yako. Kesho nahamisha mashine yangu."

Wageni walifika mchana wakiwa wamejibana kwenye gari dogo, wamevaa makoti kama watu wanaokwenda kulala kileleni. Mchezaji wao mkuu aliitwa Said, karani wa bandarini, mwenye umri wa mtoto mkubwa wa Yoeli. Alikuwa mwepesi, mwenye vifundo vya mkono laini, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu. Alimsalimia Yoeli kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa hapa kuna bwana mmoja anafuga upepo kwenye magunia."

"Marahaba. Siufugi, naufunga. Umekuja na sweta?"

"Nimekuja na mawili. Moja la kuvaa, jingine la kukufunika ukichoka."

Watu walicheka, Yoeli naye akacheka, na ukumbi ukajaa. Walikuja wafanyakazi wenzetu wa zamani na wake zao, wakaja watoto, wakatandikiwa mikeka mbele ya benchi. Susana pia alikuja, kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, amempakata Lydia, binti mdogo wa jirani yake, na alikaa ukutani chini ya dirisha kwa kuwa ndipo palipobaki. Nilimwona akiyatazama magunia juu yake, moja baada ya jingine, kuzunguka ukumbi mzima. Kisha mlango mkuu ulifungwa na gunia likawekwa chini yake. Abdulhalim akawasha mashine. Taa zikawaka. Yoeli akalowesha kidole, akakiinua, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hewa ilikuwa imetulia kabisa.

Mkono wa kwanza, yaani seti ya kwanza ya pointi kumi na tano, Said alimchezesha Yoeli kama mtu anayechota maji kwa kikombe, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Alikuwa akidondosha kinyoya karibu na wavu, Yoeli akifika anakikuta sakafuni. Said alichukua mkono huo kwa kumi na tano kwa tisa, na watu wa Tanga wakaimba.

Katikati ya mkono wa pili niliona jambo ambalo sikulitegemea. Said alianza kuchelewa. Mara ya kwanza niliona ni dharau. Mara ya pili alikigonga kinyoya kwa ukingo wa raketi, akaitazama raketi yake kama si yake. Alipokwenda kuokota kinyoya alisimama karibu na kiti changu akajifuta uso.

"Mwamuzi, hewa yenu huku nyembamba sana," alisema.

Wenzake kwenye benchi waliitikia kwamba ni mlima, mtu wa pwani lazima azoee kwanza. Yoeli alisikia. Niliona mabega yake yakinyooka. Alikuwa amekaa na uzito ule kwa wiki nyingi, alikuwa ameuzoea kama mzigo, na sasa alimwona kijana akipewa mzigo uleule kwa ghafla. Alidhani nguvu zake zinarudi. Akaanza kumpeleka Said kwenye pembe, bila haraka, kila mara akimlazimisha hatua moja zaidi, na Said akawa anahema kwa sauti iliyosikika mpaka ukutani. Mkono wa pili ulikuwa wa Yoeli.

Sheria iliruhusu mapumziko mafupi kabla ya mkono wa tatu. Mtu mmoja akataka kufungua mlango ili watoto watoke, lakini Yoeli aliomba tusiuguse. Ilichukua muda mrefu kuutuliza ukumbi, alisema, na mchezo umebaki kidogo. Taa zilikuwa zimeanza kufifia. Abdulhalim, aliyekuwa akitazama mchezo akiwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha mashine, aliingia ndani na dumu la petroli, akaufunga mlango nyuma yake ili harufu isije kwetu. Taa zilizimika, tukakaa kidogo gizani, zikawaka tena kwa nguvu. Tulipiga makofi. Mlango wa chumba kile haukufunguka, na sikumbuki kama kuna aliyeliona hilo.

Mkono wa tatu ulichezwa kimya. Najaribu kuueleza ukimya ule na siuwezi vizuri. Watu wengi walikuwa mle ndani, lakini hakukuwa na aliyekohoa, wala aliyeimba, wala mtoto aliyelia. Zilisikika tu raketi, viatu, na ngurumo ya mashine nyuma ya ukuta. Mimi, ambaye sijawahi kukosea hesabu ya mchezo, nilitangaza pointi za Yoeli kwa jina la Said. Nikajisahihisha. Muda kidogo nikakosea tena, na safari hii hakuna aliyenisahihisha, si wachezaji wala watu wa kwenye benchi. Nilikuwa na kitu kama kamba kinachokaza kuzunguka paji la uso. Niliwatazama watoto kwenye mikeka. Walikuwa wamelala wote, wameegemeana, mchana kweupe, mbele ya mchezo. Nikafikiri: wamechoka. Wazo hilo lilikuja polepole na likaondoka polepole.

Yoeli alifika kumi na nne. Said alikuwa na kumi na moja. Pointi moja ilibaki, na kuanzisha kulikuwa kwa Yoeli.

Susana alikuwa ameacha kutazama mchezo. Alikuwa akimtikisa Lydia. Alimwita jina, akampapasa shavu, na kichwa cha mtoto kikaangukia upande wa pili kama tunda lililokatika kikonyo. Susana alisema baadaye kwamba wakati huo ndipo maumivu ya kichwa chake yalipomkumbusha kitu. Utotoni mwake, kule Momela, msimu wa baridi, watu wa nyumba ya jirani waliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga kila upenyo, wakalala. Asubuhi walikutwa wamelala vilevile, wamekufa, mashavu yao mekundu kama ya watu wenye afya. Mama yake alimpeleka akaona, ili asisahau.

Aliinuka, akapanda juu ya benchi, akalishika gunia la dirisha lililokuwa juu yake akalivuta kwa mikono miwili.

Yoeli alikuwa amekwisha kukirusha kinyoya. Kilipanda juu, kizuri, kirefu, kikielekea mstari wa nyuma wa Said. Upepo wa Meru uliingia dirishani, ukakichukua kiubavu, ukakiweka nje. Nikatangaza kwamba zamu ya kuanzisha imehamia kwa Said, bila pointi kwa yeyote. Mdomo wangu ulilijua neno hilo, hata kama kichwa kilikuwa mbali.

Yoeli aligeuka, akamwona mkewe na gunia.

"Mama Esther. Rudisha."

"Lydia haamki."

"Amelala. Nimebakiza pointi moja. Rudisha gunia."

Susana alilitupa gunia sakafuni. Alihamia dirisha la pili akaanza kuvuta. Katika miaka yote niliyomjua Yoeli sikuwahi kumwona akimwinulia mkewe sauti, na siku ile pia hakuiinua. Aliweka raketi sakafuni, akatembea mpaka ukutani huku ameshika hewa kwa mkono mmoja kama mtu anayetafuta ukuta gizani. Aliliokota gunia la kwanza. Akapanda kwenye benchi kwa shida, goti moja kwanza, kisha la pili. Akalikunja mara mbili kama kawaida yake, akaliinua mpaka dirishani ili alishindilie.

Hapo alisimama.

Uso wake ulikuwa kwenye tundu lenyewe, na upepo wote wa mlima ulikuwa ukimwingia kinywani na puani. Aliuvuta. Akauvuta tena. Tuliona mgongo wake ukipanda na kushuka, na fulana yake iliyolowa ikipepea. Gunia lilikuwa bado mikononi mwake, limeinuliwa nusu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka Said akauliza, kwa sauti ya kilevi, kama tunaendelea au hatuendelei. Na kabla hajapata jibu Said mwenyewe aliketi chini katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha, kama mtoto mchangani.

Yoeli aliteremsha gunia. Aligeuka polepole, akatazama kutoka juu ya benchi lile. Alimwona Said sakafuni. Aliona mikeka. Aliwaona watu kwenye benchi, midomo wazi, macho nusu, mashavu yao yameiva. Mimi alinikuta nimekaa kwenye kiti cha mwamuzi nikijitahidi kukumbuka ni nani anayeanzisha. Kisha macho yake yalikwenda kwenye mlango wa chumba cha mashine, uliofungwa.

"Abdulhalim yuko wapi?" alisema.

Aliruka chini. Alilipiga teke gunia la mlango mkuu, akaufungua mlango wenyewe mpaka ukagonga ukuta, akatupigia kelele tutoke, tutoke, tubebe watoto. Kelele ile ndiyo iliyonitoa kwenye kiti. Niliwabeba wawili kwa mara moja, sijui kwa magoti gani. Susana alitoka na Lydia. Tuliwalaza kwenye majani, kwenye baridi, wakaanza kukohoa, mmoja mmoja, na Lydia alipotapika na kulia Susana alikaa chini akalia naye.

Yoeli hakuwa nasi. Alikuwa kwenye mlango wa chumba, akiusukuma kwa bega, na mlango ulikuwa ukikubali kidogo kisha ukirudi. Uzito uliouzuia kwa ndani ulikuwa wa Abdulhalim. Dereva wa watu wa Tanga, aliyekuwa amebaki kwenye gari muda wote akisikiliza redio, ndiye aliyeingia kumsaidia. Walimtoa kwa kumburuta kwapani. Dumu lilikuwa limefungwa vizuri na kitambaa kilikuwa bado mkononi mwake. Uso wake ulikuwa mwekundu, laini, kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Tuliona kifua kikiinuka, kikakaa, kikainuka. Wakampakia kwenye gari, dereva akaondoka naye kuelekea hospitali bila kuuliza njia, na mmoja wetu akaning'inia mlangoni kumwelekeza.

Abdulhalim hakufa. Lakini mkono wake wa kulia haukurudi kushika mkasi wala raketi, na zilikuwapo siku ambazo Yoeli alikwenda kumtembelea, naye akamkaribisha kwa adabu kubwa kama mgeni asiyemjua, akamuuliza ametokea wapi na ana shida gani.

Hayo tuliyajua baadaye. Jioni ile tulibaki kwenye majani mbele ya ukumbi, vichwa vikitupasuka, tukisubiri gari lirudi na habari. Upepo ulikuwa mkali na hakuna aliyeusema vibaya. Said, amejifunika masweta yake yote mawili, alisogea mpaka pale alipokaa Yoeli.

"Mzee, ulikuwa na kumi na nne," alisema. "Ile moja ni yako. Mimi na wenzangu tumekubaliana."

Yoeli hakumtazama. Alikuwa ametazama mlango ulio wazi. Mle ndani mashine ilikuwa ikiendelea kunguruma, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kurudi kuizima. Taa zote ziliwaka juu ya uwanja mtupu, juu ya wavu uliokuwa ukipepea na raketi ya Yoeli iliyolala kwenye mstari. Kinyoya kilikuwa kikisukumwa na upepo huku na huko sakafuni. Jua lilizama nyuma yetu, na taa ziliendelea kuwaka, mpaka petroli aliyotia Abdulhalim ikaisha.